Mzazi mtetezi: istilahi na watu wake watatu

Katika mikutano ya mji wa Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, Kiswahili huenda vizuri mpaka inapofika zamu ya kumwendea mkubwa. Hapo Kifaransa hudakia: tufanye plaidoyer. Neno hilo limetoka mahakamani, kwenye hotuba ya wakili anayemsemea mteja wake mbele ya hakimu. Mashirika yalilichukua yakalipa kazi nyingine: juhudi zilizopangwa za kumfanya mwenye mamlaka abadili sheria, bajeti au utaratibu. Mama anayesikitika kwamba mwanawe amekosa nafasi shuleni analalamika. Akiwakusanya wenzake, wakahesabu watoto wote wa mtaa waliokosa nafasi na kuipeleka hesabu hiyo kwa wakubwa kabla bajeti haijapitishwa, hapo anafanya plaidoyer.

Kiswahili hakikosi neno hapa, bali kinayo mengi mno. Nchini Tanzania ripoti za mashirika hutumia uchechemuzi, uraghibishi, ushawishi na utetezi, na mara nyingine msomaji hawezi kujua tofauti. Uraghibishi, unaotokana na raghba, yaani hamu, unafaa zaidi kwa kazi ya kuwaamsha watu wachukue hatua wao wenyewe. Ushawishi ni mpana kupita kiasi, kwa kuwa hata mchuuzi hushawishi. Utetezi ndio ulio karibu zaidi na plaidoyer, na umbo lake linaonyesha sababu. Kuteta ni kugombana kwa maneno, na kutetea ni kuteta kwa ajili ya mtu. Kitenzi hicho kimoja kinabeba watu watatu: anayesema, anayesemewa na anayeambiwa.

Mjini Bukavu neno hili pia lina uzito wake. Mtetezi anayejulikana hapa ni kwanza mtetezi wa haki za binadamu, na jina la Pascal Kabungulu wa shirika la Héritiers de la Justice, aliyeuawa nyumbani kwake tarehe 31 Julai 2005, linakumbusha gharama ya kazi hiyo. Mzazi wa mtoto wa miaka mitatu akiambiwa awe mtetezi anaweza kudhani anaitwa kupambana na wenye bunduki. Ndiyo maana istilahi inafaa itajwe kikamilifu, utetezi wa wazazi katika sera za malezi ya awali, kisha wale watatu watazamwe mmoja mmoja.

Anayesema ni mzazi, na mzazi wa Kongo ameibeba shule kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilipopoteza thamani na migomo ikafunga madarasa, wazazi walianza kuwalipa walimu kwa michango iliyoitwa prime. Dharura hiyo ikawa desturi kwa zaidi ya miaka 20, na mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba shule ya msingi ya umma ni lazima na ni bure, lakini Leta, kama Wakongo wengi wanavyoiita serikali, ilianza kulitekeleza neno hilo kwa upana mwaka 2019. Madarasa yalifurika, huku walimu wengi wakiwa bado hawamo kwenye orodha ya mishahara.

Muda huo wote mzazi alikuwa na kiti. Shule huwa na kamati ya wazazi, COPA, na mwakilishi wake hukaa katika kamati ya uendeshaji, COGES, pamoja na mkuu wa shule. Lakini kamati inayoitwa kuidhinisha mchango uliokwisha kupangwa ni kamati ya walipaji. Uongozi wa wazazi huanza pale wanapoweza kuingiza jambo lao kwenye ajenda, kudai hesabu ya fedha na kukataa.

Tofauti hiyo imewahi kuandikwa kama kanuni. Nchini Marekani, mpango wa Head Start ulioanza mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wadogo wa familia maskini una mabaraza ya sera ambamo wazazi wa watoto waliomo lazima wawe zaidi ya nusu, na maombi ya fedha hupita mikononi mwa mabaraza hayo.

Anayesemewa ndiye anayeleta tatizo kubwa zaidi Bukavu. COPA ipo penye shule, na mtoto mdogo kwa kawaida hana shule. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaitambua shule ya maternele, ile ya kabla ya shule ya msingi, lakini ubure wa 2019 uliwekwa kwa shule ya msingi. Nchini kote watoto wanaopata maternele hawafikii mmoja kati ya kumi, na shule nyingi za aina hiyo ni za kulipia na ziko mijini. Mtoto ambaye mama yake anauza katika soko la Kadutu hushinda kando ya meza ya biashara au huachwa na dada yake mkubwa. Mama huyo hana kamati ya wazazi ya kuhudhuria. Anakokutana na wenzake ni kwenye kituo cha afya, siku ya kupima uzito wa watoto na kuchanja, na kamati ya huko, CODESA, ni ya afya ya eneo zima. Afya ya mtoto iko kwa wizara moja, darasa lake kwa nyingine, na ulinzi wake kwa ya tatu.

Tanzania ilijaribu kumkusanya mtoto huyo katika jina moja. Mwezi Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofupishwa PJT-MMMAM. Inafuata mwongozo wa kimataifa wa 2018 wenye nguzo tano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Jina ni refu, lakini linatanguliza malezi, kazi ambayo mzazi anajua ni yake, na hivyo linampa haki ya kuisemea hata kabla mtoto hajaandikishwa popote.

Anabaki anayeambiwa. Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kongo kinaiweka shule ya maternele miongoni mwa madaraka ya mkoa, chini ya kanuni za serikali kuu. Kwa wazazi wa Bukavu, makao makuu ya Kivu ya Kusini, maana yake ni kwamba mwenye uamuzi hakupaswa kutafutwa Kinshasa. Hali ilibadilika Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na kuweka gavana wao, huku serikali ya mkoa iliyo chini ya Kinshasa ikihamia Uvira.

Hata hivyo si kila uamuzi hutoka kwa gavana. Tangu mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za umma huendeshwa na makanisa, na parokia ina neno juu ya majengo yake. Kama chumba kimoja kitatengwa kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, kama saa zitafuatana na saa za soko, kama wazazi wa watoto wasioandikishwa wataalikwa kwenye mkutano mkuu wa COPA: hayo yana mtu wa kuambiwa aliye karibu, na kundi la mama waliokutana siku ya kupima watoto linaweza kumpelekea ombi lililoandikwa.