HD-4: Mashua Iliyoinuliwa na Mabawa ya Majini
Baddeck, Nova Scotia, Kanada

Tarehe 9 Septemba 1919, HD-4 ilikata maji ya ziwa Bras d'Or kwa kasi ya kilomita 114 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia ya mwendo majini. Iliundwa na Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, pamoja na Casey Baldwin, aliyekuwa kwenye usukani.

Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa. Tumbo la mashua likizama ndani yake, msuguano hula nguvu nyingi ya injini. Tazama mabawa ya chuma yaliyopangwa kama vipandio vya ngazi. Kasi ilipoongezeka, yaliinua mashua. Vipandio vya juu vikatoka majini, vya chini vikabeba uzito wote. Eneo la kusuguana na maji likapungua.

Lakini karibu na uso wa maji kuna taabu zake. Bawa huzusha mawimbi yanayokula nguvu, na hewa ikinyonywa chini hadi mgongoni mwake, kani ya kuinua hupungua ghafla.