Si Wewe Mjinga, Ni Historia ya input()

Kila mtu anayeanza Python hufika hapa. Umeandika gemu yako ya maandishi, simba amesimama mlangoni, na unataka mchezaji ajibu ndani ya sekunde 10 ama aliwe. Unaweka `input()`, unaongeza hesabu ya sekunde, halafu programu inakaa tu hapo kama matatu inayongoja abiria wa mwisho. Unajiambia, "Hii kitu si yangu." Hata mimi nilijiambia hivyo. Kumbe shida si sisi.

Miaka ya 1970, kompyuta moja kubwa ilihudumia watu wengi kwa pamoja. Wengi walitumia teletaipu, mashine inayochapa majibu kwenye karatasi. Unaandika mstari mzima, unautuma, ndio kompyuta inausoma. Kabla ya hapo programu yako inalala, wengine wanahudumiwa. Kwa wakati huo, hiyo ilikuwa akili kabisa, na ndiyo tabia ambayo `input()` imerithi.

Gemu nazo zilifuata. Will Crowther aliandika Adventure kwa mashine ya PDP-10, na 1977 Don Woods akaipanua. Betri ya taa yako ilikuwa inaisha kwa idadi ya hatua, si kwa dakika. Ungeenda kupika chai, urudi upate joka bado linakungoja. Ilipofika 1987 ndio Infocom wakatoa Border Zone ya Marc Blank, ambayo saa yake ilitembea hata kama bado unawaza.

Sasa hii ndiyo inaniuma. 1981, Uingereza, kompyuta ya BBC Micro ilitoka ikiwa na BASIC yenye neno INKEY. Ukiandika INKEY(500), inangoja kitufe kibonyezwe kwa sekunde 5, kisha inaendelea na kazi. Neno moja tu! Python ilikuja 1991, na mpaka leo `input()` haina mahali pa kuweka muda. Ukitumia thredi kutangaza "Muda umeisha", `input()` bado inangoja Enter. Ukijaribu `select`, kwa Linux inakubali, kwa kibodi ya Windows inakataa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: anayefundisha wageni awaambie hii stori mapema, kabla hawajakata tamaa. Na wewe uliyekwama, anza na njia ndogo. Chukua `time.monotonic()` kabla ya swali, ichukue tena baada ya jibu, halafu toa. Ikizidi 10, simba ameshakula. Haitamkatiza mchezaji akiandika, lakini gemu itajua amechelewa. Thredi utazikuta mbele, zikungoje kidogo.

Usiache kitu unachopenda kwa sababu ya mashine iliyozeeka kabla uzaliwe.