Malezi ya Watoto: Urithi na Wajibu wa Usharika

Malezi ya nyumbani yamekuwa sehemu ya mafundisho ya Kilutheri tangu mwanzo. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo, akamkabidhi baba wa nyumba jukumu la kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Luther mwenyewe alichapwa vikali utotoni. Alisimulia kwamba mama yake alimpiga hadi akatoka damu kwa sababu ya kokwa moja, na kwamba baba yake alimchapa hata akamkimbia. Alipokuwa mzazi, aliwaasa wengine kwamba palipo na fimbo, tufaa nalo liwepo.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na wengi wa waliowatendea ni ndugu na walimu. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Mtoto, inayokataza adhabu inayopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Lakini sheria huja baada ya jeraha. Mzazi aliyelelewa kwa kiboko hana njia nyingine asipofundishwa.

Mafundisho hayo yapo, nayo yamepimwa. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, familia 552 zilishiriki utafiti uliotangazwa mwaka 2018. Waliopata mafunzo ya vikao 14 waliripoti ukatili mdogo kuliko wenzao. Mafunzo hayo yaliletwa Tanzania kwa jina la Furaha, na mwaka 2020 na 2021 yaliwafikia makumi ya maelfu ya wazazi na vijana wao. Wazazi hujifunza kutenga muda wa kukaa na mtoto, kumsifu anapotenda vema, kutuliza hasira kabla ya kumrudi, na kupanga matumizi ya fedha pamoja.

Kwa Ilemba, wajibu huu hauhitaji jengo jipya. Wazazi na wasimamizi huahidi mbele ya madhabahu, siku ya ubatizo, kumlea mtoto katika Bwana. Ahadi hiyo yafaa ifuatwe na mafundisho katika jumuiya, akina baba wakiwemo, kwa kushirikiana na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kijiji na kata. Usharika unapoingia karne ya pili, mtoto anayepigwa nyumbani asikose mtu wa kumkimbilia kanisani.