Ada ya Manamba: Umatengo na Pwani ya Ziwa Nyasa katika Historia ya Vyama vya Wafanyakazi

Historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kutokea bandari ya Dar es Salaam na mashamba ya mkonge ya Tanga, kwa kuwa huko ndiko ilikofanyika migomo mikubwa. Hata hivyo, sehemu ya nguvukazi ya mashamba hayo ilitoka mbali, katika wilaya ya Songea ya enzi ya Waingereza, ambayo ilijumuisha milima ya Umatengo, yaani Mbinga ya leo, pamoja na pwani ya Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kahawa iliyoanza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920 haikufaa joto la pwani, hivyo wanaume wengi waliandikishwa kuwa manamba, neno lililotokana na namba aliyopewa kila kibarua wa mkataba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba waliendesha uandikishaji huo kupitia ofisi yao ya pamoja iliyojulikana kama SILABU.

Manamba alilipwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Mtu wa namna hiyo, mgeni asiye na ardhi wala ndugu mahali pa kazi, na ambaye angerejea kwao mkataba ukiisha, alikuwa mgumu kuunganishwa na wenzake katika chama. Haikuwa kwamba hakujua ushirika, kwani Wamatengo walikuwa na ngokela, desturi ya kulimiana mashamba ambapo mwenye shamba huwaandalia wasaidizi pombe na chakula. Tofauti ni kwamba katika ngokela mchango na matunda yake vilionekana kwa macho, ilhali ada ya chama ilikabidhiwa kwa katibu ili igharimie mambo yasiyoonekana upesi: nauli ya kutoka shamba hadi shamba, vitabu vya stakabadhi, na chakula cha familia wakati wa mgomo.

Chama cha namna hiyo watu wa Ziwa Nyasa walikwisha kukijaribu ugenini. Clements Kadalie, aliyezaliwa karibu na Bandawe katika pwani ya magharibi, alianzisha mwaka 1919 mjini Cape Town chama cha ICU, ambacho katika miaka ya 1920 kilikuwa chama kikubwa cha wafanyakazi Waafrika kusini mwa bara. Upande wa Tanganyika, Shirikisho la Wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, mzaliwa wa wilaya ya Songea. Chama cha wafanyakazi wa mkonge kilikua chini ya shirikisho hilo, na mgomo mrefu wa shamba la Mazinde, uliozuka mwaka 1958, ulionyesha kwamba kibarua wa mkataba naye aliweza kusimama pamoja na wenzake.

Uhuru ulibadilisha maana ya ada. Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria zilizobana haki ya kugoma na kuipa serikali usimamizi mkubwa zaidi wa vyama, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 vyama vyote vilivunjwa na kuwekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ada sasa ilikatwa na mwajiri kabla mshahara haujafika mkononi. Fedha ziliongezeka, lakini katibu hakulazimika tena kumshawishi mwanachama, na hapo, kuliko katika sheria ya migomo, ndipo chama kilipompotea mfanyakazi. JUWATA iliyofuata mwaka 1978 haikuurudisha uhusiano huo. Wakulima nao hawakusalimika, kwani chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kilikuwa sehemu ya mfumo wa ushirika uliofutwa kwa amri ya serikali mwaka 1976.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imerudisha sehemu ya kilichopotea. Mwajiri hukata ada ya mwanachama kwa idhini yake ya maandishi, na pale chama chenye wanachama wengi kinapokubaliana na mwajiri, asiye mwanachama huweza kutozwa ada ya uwakala, yaani malipo ya kugharimia majadiliano ambayo matunda yake naye huyapata. Utaratibu huo ni wa haki, kwa sababu mkataba wa hali bora, ambao ni makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara na masharti ya kazi, haumbagui mfanyakazi asiyechangia. Lakini sheria haisomi mahesabu kwa niaba ya mtu. Mwalimu wa Liuli na mchimbaji wa makaa ya mawe wa Ngaka, kila wanapoona makato hayo kwenye hati ya mshahara, na waende kwenye mkutano wa tawi wakadai kusomewa mapato na matumizi, kwa kuwa fedha hizo bado ni zao.