Jamaa yangu ni nani?

Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja neno moja tunalolitamka kila siku bila kulifikiria: jamaa.

Kijana wa hapa Dodoma mjini akituambia, “Kuna jamaa anawaulizia,” ana maana ya mtu fulani tu, pengine hata jina lake halijui. Mzee akisema, “Yule ni jamaa yangu,” anataja damu, ukoo na wajibu wa kuuguza na kuzika. Neno ni lile lile, uzito ni mbalimbali.

Neno hili lilitoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kundi la watu waliokusanyika. Waswahili walilipa joto la nyumbani, likawa watu wa ukoo mmoja. Nasi Wakristo tulilipokea kwa heshima: wazee wetu katika sala waliwaita Yesu, Maria na Yosefu Jamaa Takatifu. Huko Katanga, nchini Kongo, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwalea katika miaka ya 1950 waamini wa maeneo ya migodi, waume kwa wake, katika chama cha kiroho kilichoitwa Jamaa.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alilichukua neno ujamaa, yaani hali ya kuwa jamaa, akalifanya jina la siasa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: katika ukoo wa asili kila mmoja alifanya kazi, wala hakuna aliyelala njaa wakati mwenzake ana akiba. Basi undugu huo upanuliwe, uvuke kabila na taifa, ufike kwa wanadamu wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaufanya ujamaa kuwa njia ya nchi nzima.

Hapo ndipo neno lilipofika Ugogo kwa kishindo. Wagogo walikuwa wakiishi katika nyumba za tembe zilizotawanyika, kila kaya karibu na shamba na malisho yake. Mwaka 1971, katika kipindi cha ukame na njaa, ilianza Operesheni Dodoma ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alishiriki kufyatua matofali pamoja na wananchi huko Chamwino. Wapo waliohama kwa hiari, wakitumaini maji, shule na zahanati. Wapo pia waliohamishwa wasipotaka, wakaacha nyuma mashamba na makaburi ya wazazi wao. Mwishoni mwa mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na ilipofika mwaka 1977 Watanzania wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa wanavijiji. Neno lililokuwa la kualika likawa la kuamrisha.

Kwa sababu hiyo, mzee mmoja akisikia “ujamaa” huliona lori na tembe lililobomolewa. Mwingine hulikumbuka darasa ambamo mwanawe alijifunza kusoma. Tusiharakishe kumsahihisha yeyote kati yao, maana wote wawili wanasema kweli.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Hata hivyo Katiba yetu, katika ibara ya 3, bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa, huku mitaani jamaa akiwa mtu yeyote apitaye njiani.

Wapendwa, maneno hayachakai yenyewe kama nguo iliyosahaulika sandukuni. Sisi ndio tunaoyajaza au kuyamwaga kwa matendo tunayoyafanya kwa jina lake. Nasi tunaosimama altareni kila Dominika na kusema “ndugu zangu wapendwa” tunapaswa kujiuliza: anayesikia neno hilo anakumbuka nini? Je, anakumbuka mlango uliofunguliwa alipokuwa na shida, au michango tu iliyosomwa kwa sauti kubwa?

Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye tumezoea kumwita “jamaa fulani”. Tumwulize jina lake na habari za nyumbani kwake. Huenda kwa hatua hiyo ndogo neno letu likarudi nyumbani.