Anayetoka Kwanza: Kanuni za Michezo na Kujiamini kwa Mtoto Shuleni

Katika rede, ambayo watoto wa Kenya huiita kati, wachezaji wawili hurushiana mpira wa soksi huku wenzao wakikwepa katikati. Aliyepigwa hutoka. Mara nyingi anayetoka mapema ni mzito wa miguu au mwoga wa mpira, yaani yule aliyehitaji kukimbia kuliko wote. Hukaa kivulini akiwatazama hodari wakizidi kuwa hodari.

Hasara hiyo inapimika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuutoa mwili jasho. Uchambuzi wa takwimu za nchi 146, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawakukifikia kiwango hicho: wasichana 85, wavulana 78. Kipindi cha michezo kinachomweka mtoto kivulini hakipunguzi pengo hilo hata kidogo.

Upande wa kujiamini ni mzito zaidi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa hasa na mambo aliyoyafanya mwenyewe yakafaulu. Sifa za mwalimu huja nyuma. Mtoto anayetolewa kila mara hana cha kujengea imani hiyo, hata apigiwe makofi.

Mmarekani Neil Williams aliandika mwaka 1992 kwamba michezo ya namna hii haifai kabisa shuleni. Hapo alivuka mpaka, angalau kwa shule za kwetu. Rede ni mchezo wa mpira ambao wasichana wanauongoza wenyewe. Ukifutwa, uwanja utabaki kwa wavulana na kandanda yao. Kinachohitaji kubadilishwa ni kanuni moja tu: aliyepigwa azunguke uwanja mbio, kisha arudi katikati.

Watoto wenyewe walishalijua hilo. Katika kombolela, mchezo wa kujificha ambao kopo huwekwa uwanjani, aliyekamatwa hajamaliza mchezo, kwa sababu mwenzake aliyejificha akiwahi kulipiga teke kopo, waliokamatwa wote huwa huru. (Kweli, wakati wa kusubiri husimama tu, lakini husimama tayari kukimbia.)

Darasa la wanafunzi 80 lenye mpira mmoja ni kikwazo halisi, ila mipira ya matambara hushonwa bila bajeti, na makundi manane madogo hukimbia kuliko duara moja kubwa. Kigumu zaidi ni mazoea ya kukitumia kipindi kuandaa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania. Mashindano hayo yana heshima yake, lakini huchagua walio tayari wepesi. Mkaguzi anayetaka kujua thamani ya kipindi aanze na swali ambalo kombe haliwezi kulijibu: mwanafunzi wa mwisho kwa mbio alikimbia dakika ngapi?