Kuku Alipoulizwa



Mama yeyote aliyefuga kuku uani anamtambua mgonjwa kabla hajamshika. Kuku kajikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, wenzake wanakimbilia pumba na yeye haji: huyo hasubiriwi mpaka kesho. Mwenendo wa mnyama ndio habari ya kwanza ya afya yake. Bibi zetu walilijua hilo bila kitabu. Lakini katika karne iliyopita kilipita kipindi kirefu ambapo wataalamu wa ufugaji mkubwa waliiweka elimu hiyo kando, na kuirejesha kulichukua miaka mingi. Naona inafaa tuijue historia hiyo, kwani siku hizi vizimba vya kuku wa mayai vinauzwa katika miji yetu pia, na kijana mwenye mtaji mdogo huambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kisasa.

Zamani kuku hakuweza kufungiwa ndani mwaka mzima. Akikosa jua, miguu yake inalegea na mifupa inapinda. Katika miaka ya 1920 ikajulikana kazi ya vitamini D, wakaanza kuichanganya katika chakula, na kwa mara ya kwanza kuku akaweza kuishi bila kuliona jua. Kisha vikaja vizimba vya waya vilivyopangwa safu juu ya safu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa za kuzuia maradhi katika msongamano ule. Kizimba kilikuwa na faida, tusikikane: kuku alitengana na kinyesi chake, minyoo ikapungua, mayai yakawa safi. Wenye mashamba walikuwa na hoja moja waliyoikariri kwa kila aliyeuliza: kuku anataga, basi hana shida. Angekuwa anateseka, wakasema, asingetaga.

Hoja hiyo ilimkera mwanamke mmoja wa London, Ruth Harrison. Hakuwa daktari wa mifugo wala mkulima. Karatasi iliyoingizwa mlangoni kwake, ikieleza jinsi ndama walivyofungwa gizani, ilimfanya aanze kutembelea mashamba na kusoma magazeti ya wafugaji wenyewe. Mwaka 1964 alitoa kitabu, Animal Machines, na dibaji yake iliandikwa na Rachel Carson wa Marekani. Watu wa Uingereza walishtuka kiasi kwamba mwaka huohuo serikali iliunda kamati chini ya Profesa Rogers Brambell, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Bangor, Wales.

Ripoti ya kamati hiyo ilitoka Desemba 1965. Ilisema kwamba mnyama wa kufugwa angalau aweze kugeuka, kujisafisha, kusimama, kulala na kunyoosha viungo vyake. Ni mambo madogo mno, hata unaona haya kuyasoma. Lakini kuku wa kizimbani hakuweza kunyoosha mbawa. Mmoja wa wanakamati, W. H. Thorpe wa Cambridge, alikuwa mtaalamu wa tabia za wanyama, na aliandika nyongeza katika ripoti kuhusu namna ya kupima maumivu na dhiki. Kuanzia hapo mwenendo wa mnyama ukaanza kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Msomaji wa fiqhi huenda asione jipya hapo. Izzuddin bin Abdissalaam, aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 660 Hijria (1262), aliandika katika Qawa'id al-Ahkam haki za mnyama juu ya mmiliki wake. Alitaja kumlisha hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, kutomtwika asichokiweza, kutomchanganya na wanyama watakaomvunja au kumjeruhi, na kumtengenezea vizuri mahali pa kupumzika na pa kunywa. Angalieni jinsi alivyotaja wenzake wanaomjeruhi. Tutalirudia hilo.

Kamati ya Brambell nayo iliteleza mahali pamoja, na hapo ndipo penye somo tamu kuliko pote. Walipouangalia waya mwembamba wa matundu ya pembe sita uliotumika kama sakafu, waliona lazima unaumiza miguu, wakapendekeza usitumike. Mwaka 1973 watafiti wawili, Hughes na Black, waliwapa kuku nafasi ya kuchagua sakafu wenyewe. Kuku wakapendelea waya uleule uliokatazwa! Maprofesa walikuwa wamefikiri kwa miguu yao wenyewe.

Basi ukaanza mtindo wa kumuuliza kuku. Marian Dawkins, kijana mtafiti wa Oxford, aliwawekea kuku njia mbili: upande mmoja kizimba, upande mwingine uwanja wa majani. Waliozoea nje walichagua nje. Waliokulia kizimbani mwanzoni walirudi kizimbani, ila baada ya kuujaribu uwanja mara chache tu wakaanza kuuchagua. Kwa hiyo ukimwona mnyama katulia katika dhiki aliyoizoea, usifanye haraka kusema ameridhika. Wengine waliwatazama mitetea waliokaribia kutaga wakienda na kurudi kizimbani kutafuta kiota kisichokuwapo. Vyakula vyote vilikuwa mbele yao, na bado walihangaika.

Na ile hoja ya kwamba anataga basi ni mzima? Mwili wenyewe uliijibu. Ganda la yai linataka chokaa nyingi, na kuku akipungukiwa anaichota katika mifupa yake. Kuku anayetembea, anayeruka fito na kupiga mbawa, mifupa yake inaimarika kwa kazi hiyo. Wa kizimbani anachota bila kurudisha. Mwaka 1989 watafiti wa Uingereza, Gregory na Wilkins, walichunguza kuku wa vizimbani waliokuwa wakipelekwa kuchinjwa baada ya kumaliza utagaji, wakakuta kati ya kila 100, karibu 30 walikuwa na mifupa iliyovunjika. Walikuwa wametaga vizuri.

Kunyonyoana manyoya nako kuna habari yake. Kuku ameumbwa kuchakura na kudonoa sehemu kubwa ya siku. Akikosa cha kuchakura, mdomo hauachi kazi: unageukia manyoya ya jirani. Aliyenyonyolewa hupoteza joto, hula zaidi, na ngozi ikitoka damu wenzake wanaweza kumuua. Dawa iliyotumika mashambani ilikuwa kukata ncha za midomo. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa huota vivimbe, na kuku aliyekatwa huutumia mdomo wake kwa uangalifu, kama mtu mwenye jino bovu.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 1999. Kuanzia mwaka 2003 kila kuku wa kizimbani alitakiwa kupata sentimita za mraba 550, yaani chini ya karatasi moja ya A4. Na tarehe 1 Januari 2012 vizimba vitupu vikapigwa marufuku kabisa. Vilivyoruhusiwa ni vile vyenye kiota, fito na mahali pa kuchakura.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kufungua mlango kunatosha. Katika mabanda ya wazi yenye maelfu ya kuku, kunyonyoana husambaa haraka kuliko kizimbani, maana mwenye tabia hiyo anawafikia wengi. Wapo pia wanaovunjika mfupa wa kidari kwa kujigonga kwenye fito. Banda la wazi linataka mfugaji anayeingia ndani na kutazama: maranda yawe makavu ili wachakure na kuoga vumbi, fito zisiwe juu mno, mafungu ya majani yaning'inizwe wapate cha kudonoa.

Ukitaka kujua hali ya kuku wako mwenyewe, msubiri amalize msimu wa kutaga, mshike kwa upole jioni akiwa ametulia, na upitishe kidole kwenye mfupa wa kidari toka juu hadi chini. Ukinyooka ni vizuri. Ukikuta pindo au kifundo, huenda pamevunjika na kuunga, na wakati wote huo alikuwa akikupa yai.